Lalamiko Kuhusu Faili Lililotiwa Mbio na Sentensi Iliyokatizwa

Ofisi ya Majina ya Kisiwa,
Mtaa wa Kanisa Kuukuu,
Port Lucien,
Sent Odile.

Kwa Mheshimiwa Lambert Joachim,
Waziri wa Mawasiliano.

Mheshimiwa Waziri, na mwanangu wa ubatizo,

KUH: KASI ISIYO YA LAZIMA KATIKA FAILI KUU LA MAJINA

Nakuandikia kwa heshima zote za cheo chako, na kwa haki niliyoipata siku nilipokushika mikononi kanisani ukanilowesha gauni jipya mbele ya padri. Tangu uingie serikalini sijakuomba kitu. Binamu zako wameomba barabara, wameomba taa za uwanja wa kriketi, wameomba kazi za watoto wao wasiopenda kazi. Mimi naomba jambo moja: ofisi yetu irudishiwe mwendo wake wa polepole.

Kwa kuwa mawaziri siku hizi hamkai wizarani mkazoea hata njia ya chooni, niruhusu nieleze tunachofanya. Kila jina la tovuti linaloishia kwa herufi mbili za kisiwa chetu limeandikwa hapa kwetu, jina na anwani yake, mstari baada ya mstari. Mtu akiandika jina hilo kwenye simu yake, awe Peru au awe Uchina, kuna seva inayouliza: huyu anakaa wapi? Sisi ndio tunaojibu. Nilipoajiriwa majina yalikuwa machache, nikiyajua yote kwa ghibu: hoteli, benki, dayosisi, na fundi viatu mmoja aliyedhani analipia tangazo la redio. Kisha wageni wakaamua kwamba herufi zetu mbili zinapendeza, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Wakaja vinyozi wa mbwa kutoka Norwe, wauza mito kutoka Korea, watu wanaouza sijui nini kwa watu wasiojulikana. Sasa majina ni mamilioni, na sisi wenyewe wa Sent Odile hatujazi hata uwanja mmoja wa mpira wa kule Brazili.

Miaka yote hiyo majina yalikaa katika faili moja refu la maandishi matupu, na faili hilo nililitunza mimi. Aliyetaka kubadilisha mstari mmoja ilimbidi alifungue lote, ashuke mpaka kwenye mstari wake, abadilishe, kisha apande juu kabisa aongeze nambari ya toleo, ili seva zetu wenza za Panama na Kurasao zijue kuna jipya. Baada ya hapo aliikabidhi mashine. Mashine ililisoma faili lote upya, toka jina la kwanza hadi la mwisho, halafu ikalituma lote upya ng'ambo. Mstari mmoja umebadilika, mamilioni yanafungasha safari. Na kadiri majina yalivyoongezeka ndivyo safari ilivyorefuka, mpaka ukaweza kuikabidhi mashine kazi wakati shelisheli linawekwa kwenye makaa, ukala shelisheli, ukaosha mikono, na mashine bado inasoma, kengele yake ya kumaliza haijalia.

Watu wawili wakilifungua faili kama lile kwa wakati mmoja, anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu. Kwenye meza yangu kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo kete moja ya dhumna, ile yenye madoa sita kila upande, sita-sita. Aliyeishika sita-sita ndiye mwenye faili. Asiye nayo haligusi, hata awe mkurugenzi, na mkurugenzi alijaribu mara moja tu. Ukishaikabidhi mashine kazi, sita-sita huna haja nayo tena. Na kwa kuwa kwetu hapa mchezo wa dhumna hufunguliwa kwa sita-sita, unaona mwenyewe jinsi mambo yalivyopangika. Mashine inasoma, kete iko huru, watumishi hawaruhusiwi kugusa kompyuta. Tukifanya nini? Tukicheza.

Wachezaji ni wanne. Yupo Cuthbert, mhasibu, anayepiga kete mezani mpaka vikombe vinaruka. Mwenza wake ni Ma Zélie, anayeuza maandazi na samaki wa chumvi pale langoni, ambaye si mtumishi wa serikali ila anajua mambo ya ofisi kuliko watumishi. Upande wa pili yupo Bwana Gervais Polidore, mtunza jenereta na viyoyozi. Na anayeelekeana naye, mwenza wake wa mezani, ni mtumishi mmoja wa kike ambaye jina lake nalihifadhi. Ni mwanamke wa umri wa kuheshimika, mwenye mkono mzuri wa mapishi, na ndiye mtunza faili.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Bwana Polidore alifiwa na mke zamani kidogo, na ni mtu wa maneno machache anayeyatoa kwa mizani. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, jibu unalipata umeshalowa. Isitoshe, kwa sheria za meza yetu wenza hawasemezani mchezo ukiendelea, wasije wakapeana ishara. Nafasi yake ya kusema ilikuwa ni pale tu Cuthbert anapochanganya kete kwa mchezo unaofuata. Katika nafasi hizo, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, Bwana Polidore na mtumishi niliyemtaja walifika mbali. Alishamweleza kuhusu goti lake. Alishamweleza kuhusu binti yake wa Martinique. Siku moja alisema gauni la manjano linampendeza, kisha akanyamaza msimu mzima.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Mtumishi amebadilisha mstari wake, ameikabidhi mashine, amerudisha sita-sita mezani. Cuthbert anachanganya. Bwana Polidore akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema: "Bi Eudoxie, nimekuwa nikifikiri, tangu msimu wa mvua, kwamba..."

Kengele ya mashine ikalia.

Mheshimiwa, kete hazikuwa zimechanganyika. Sote tulijua mashine imekufa. Bwana Polidore, kwa kuwa umeme ni wake, aliruka kabla ya wote akakimbilia jenereta na goti lake lile lile. Mimi nilikimbilia chumba cha seva, na huko nilimkuta mhandisi wetu mpya, Binti Kerlyn Augier, anakula embe.

"Imeharibika!" nikamwambia.

"Haijaharibika, Anti. Imemaliza."

"Imemaliza nini?"

"Kazi."

Tuliporudi mezani Bwana Polidore alikuwa ameshika kitambaa chenye grisi na uso wa mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Ile sentensi haijamalizika mpaka leo. (Naona jina nililosema nitalihifadhi limeponyoka hapo juu. Basi, ni mimi. Hata katibu wako alishajua.)

Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Malalamiko yangu, kwa mpangilio, ni haya:

1. Kasi yenyewe. Binti Kerlyn amelivunja faili langu. Majina yote ameyaingiza katika hifadhidata, kila jina limekaa chumbani mwake, na ukibadilisha moja linatoka hilo peke yake. Seva ya Panama haitumiwi tena faili zima. Inatumiwa tofauti tu: hiki kimeondoka, hiki kimeingia, kwaheri. Nilipomhoji alinijibu kwa adabu, maana adabu anayo, "Anti, ukisahihisha neno moja kwenye Zaburi, utamtumia mtu Biblia nzima?" Nikamwambia Biblia nzima haijawahi kumdhuru mtu. Akacheka. Sikuwa nachekesha.

2. Kustaafishwa kwa sita-sita bila barua. Kwa mfumo huu mpya watu wote wanaweza kubadilisha majina kwa pamoja, na mfumo wenyewe unajua nani ameshika nini. Hakuna anayehitaji kete. Binti Kerlyn aliitia sita-sita katika bahasha, akaandika juu yake "Kumbukumbu", akaibandika ukutani karibu na mtungi wa kuzimia moto. Kete iliyolinda majina ya taifa hili bila kukosa, inatundikwa kama meno ya babu! Na usalama wake ndio huo: wiki iliyopita bahasha imekutwa tupu. Nimeripoti kwa mkurugenzi, akaniuliza kama nimetazama chini ya kabati. Katika mfumo wa zamani sita-sita haikuwahi kupotea, kwa sababu kila mtu alikuwa anaitaka.

3. Uchumi wa langoni. Ma Zélie alikuwa anakaanga kwa kufuata mashine. Ilipoanza kusoma, naye aliweka mafuta jikoni. Ilipofika katikati, maandazi yalikuwa yanatoka. Sasa hajui aanze lini. Juzi alikuja hadi dirishani na kijiko chake akamwuliza Kerlyn, "Mwanangu, hiki kitu chako kinapumzika saa ngapi?" Akaambiwa hakipumziki. Ma Zélie akasema, "Basi na mimi nimuuzie nani, kompyuta?" Maandazi yanapoa. Serikali inayosema inajali wafanyabiashara wadogo ingetakiwa ijue kwamba imemzidi mmoja mbio.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu najua Binti Kerlyn atakuletea habari za wiki ya Kanivali. Ni kweli. Sitaki kusema uongo kwa mtu ambaye nilimwahidi Mungu kumlea katika ukweli. Wiki ile maombi ya mabadiliko yalikuja mengi, faili likawa limevimba kupita kumbukumbu ya mashine, na mashine ikasoma mpaka katikati ikachoka. Cuthbert, kwa haraka ya kwenda kuona ngoma, akaiamuru itume hivyo hivyo. Majina yote kuanzia herufi M yakatoweka duniani mpaka kesho yake, tovuti ya wizara yako ikiwemo. Lakini nakuomba utazame pande zote mbili. Majina ya kuanzia A hadi L yalifanya kazi vizuri sana, na hilo hakuna gazeti lililoliandika. Tena katika wale waliotoweka hakuna aliyekufa. Kinyozi wa mbwa wa Norwe aliandika barua kali, lakini mbwa wake, nadhani, walifurahi.

4. Kufa kwa salamu. Zamani aliyehitaji sita-sita alikuja mezani kwangu kuiomba, akakuta imeshikwa, akakaa. Akikaa anaulizwa habari za nyumbani. Kwa njia hiyo nilijua mama wa Cuthbert anaumwa, nilijua nani anajenga, nilijua mkurugenzi na mkewe wamepatana. Sasa kila mtu yuko kwenye kiti chake anabofya. Hata mimi nimechukua hatua kali: nimetangaza mbele ya wote kwamba yeyote anayeipenda kasi hii asinisalimie. Na athari zake ni za kutisha. Bwana Polidore, ambaye hakuwahi kupita mlangoni kwangu bila kusema "Bi Eudoxie, umeamkaje", sasa anapita kimya, anatazama ndala zake. Mtu mzima kama yule! Huu ni ushahidi tosha wa jinsi mfumo huu unavyoharibu tabia za watu wema, nami naomba uingizwe katika kumbukumbu rasmi.

5. Hatari kwa taifa. Usidhani jambo hili litabaki kwenye majina. Mtu akishaonja kutuma tofauti tu, hataacha. Kesho mwalimu atawaambia watoto: mlichojifunza mwaka jana kinabaki vile vile, ongezeni ukurasa huu, nendeni nyumbani. Padri Honoré atapanda mimbarini Jumapili atuambie kwamba tangu Jumapili iliyopita hakuna mabadiliko, tuko wenye dhambi wale wale, tupokee baraka tutoke. Misa itakuwa fupi kuliko kuegesha gari. Mkeo atakuamkia asubuhi kwa kusema, "Kama jana." Utamjibu nini, Mheshimiwa? Utarudi nyumbani jioni na uchovu wako, umwambie yaliyokupata bungeni, naye aseme tayari alishatumiwa hayo, umpe mapya tu. Watu wa kisiwa hiki tumeishi kwa kurudiarudia mambo. Hadithi ya kimbunga kile kikubwa mama yako ameisimulia mbele yangu mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara paa la kanisa linakwenda mbali zaidi. Kwa mfumo wa Kerlyn angeisimulia mara moja, halafu angetutumia lile "mbali zaidi" peke yake.

6. Kurudishwa nyumbani. Hili ndilo la mwisho na ndilo zito. Kwa kuwa kazi ya siku nzima inakwisha kabla chai ya kakao haijapoa, mkurugenzi ameagiza kwamba anayemaliza aende zake. Kerlyn alidhani ananiletea habari njema. "Anti Eudoxie, umemaliza. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Niende nyumbani nikafanye nini?"

Aliligeuzageuza embe lake mkononi, maskini. Sikumlaumu. Yeye ana mume na watoto wawili wanaomrukia mlangoni. Mimi tangu dada yangu Philomise ahamie Kanada kwa mwanawe, nyumbani kwangu kuna redio, kuna paka asiyenipenda, na kuna veranda yenye viti viwili. Nasema wazi kwa kuwa wewe ni mwanangu: nina upweke. Pale ofisini, mashine ikisoma majina yake mamilioni, nilikuwa na watu watatu mezani na mmoja wao akinitazama usoni. Nilikuwa naliombea faili lile lizidi kukua. Kila mgeni wa ng'ambo aliyenunua jina, mimi nilimshukuru kimoyomoyo, kwa sababu alikuwa ameniongezea dakika.

Kwa sababu hizo zote, naomba wizara yako ifanye mojawapo ya haya:

(a) Iamuru majina yote yarudishwe katika faili moja la maandishi, na faili hilo lisiwe na ufupisho wowote, na ikiwezekana liongezwe mistari mitupu katikati ili lirefuke.

(b) Ikiwa hilo haliwezekani, na Kerlyn anasema haliwezekani bila yeye kulia, basi mfumo mpya ubaki lakini ufundishwe kujizuia. Umalize kazi kwa kasi inayoupendeza, kisha ukae kimya, usipige kengele mpaka mtu wa umri wa busara auruhusu. Watu wa nje hawatajua. Panama hawatajua.

(c) Ikiwa hilo nalo ni gumu, basi bunge litunge sheria kwamba hakuna kifaa cha serikali kitakachomaliza kazi wakati raia yuko katikati ya sentensi.

(d) Na ikiwa bunge liko likizo, kama kawaida yake, basi naomba barua moja tu yenye muhuri wa wizara, ikimwagiza Bwana Gervais Polidore, mtunza jenereta wa daraja la pili, kwamba katika muda wa siku za kazi zinazokubalika amalize sentensi aliyoianza. Neno la mwisho lililosikika lilikuwa "kwamba". Anaweza kuanzia hapo. Sitaki arudie yote.

Niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote kutoa ushahidi. Cuthbert pia yuko tayari, ingawa nakuonya atapiga meza.

Mwisho, nisalimie mama yako na umwambie bakuli langu la kauri sijalisahau. Msalimie mkeo, na mtoto wa kwanza, na yule wa pili aliyefanana na sisi upande wa masikio. Msalimie dereva wako Evariste, mwambie tairi la nyuma halina upepo, nililiona ulipopita Jumapili bila kusimama. Wasalimie wabunge wote wa chama chako, na wa upinzani wale wanaokwenda kanisani.

Nabaki, kwa utiifu na kwa haki zangu zote za kiroho juu yako,

Eudoxie Lubin,
Mtunza Faili Kuu la Majina (faili halipo, cheo bado ninacho).

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii niliimalizia jana kwenye veranda ya ofisi, wenzangu wote wakiwa wameshakwenda makwao. Nilikuwa natafuta bahasha nilipoona ndala zimesimama mbele yangu. Alikuwa Gervais. Hakunisalimia. Nilimwuliza, kwa ukali kidogo, ni lini nilimkosea. Alifikiri. Siku nyingine yoyote kengele ingekuwa imeshalia, lakini hapakuwa na kengele, wala Cuthbert, wala Ma Zélie na kijiko chake. Palikuwa na sisi wawili na mchana mzima.

Akasema, "Ulisema anayeipenda kasi asikusalimie. Mimi naipenda. Sikutaka kukudanganya."

Nikamwuliza mtu wa jenereta anaipendea nini kasi ya faili. Akakaa chini. Akaniambia ni yeye aliyemwendea Kerlyn, tangu msimu wa mvua, kumwuliza kama faili lile haliwezi kufanywa likaenda upesi, ila hakujua litaanza siku gani. Na ile sentensi, Mheshimiwa, ameimalizia pale pale, akianzia "kwamba" bila kuagizwa na wizara: "...kwamba miaka yote hii nashindwa kusema neno mbele ya Cuthbert, na kwamba faili lile likimalizika mapema tungeweza kutoka pamoja."

Niliyaombea mamilioni yale yaongezeke, kumbe yeye alikuwa anayasubiri yaishe! Nilicheka mpaka nikalia kidogo. Gervais alisubiri nimalize, maana kusubiri anakujua. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kitu, akakiweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Ilikuwa sita-sita. Sheria yake anaijua vizuri kuliko mkurugenzi: aliyeishika ndiye mwenyewe, nami sijairudisha.

Kwa hiyo naomba uyaondoe malalamiko ya 1 hadi 6, pamoja na maombi (a) hadi (d), na ile taarifa ya kete kupotea. Mpe Binti Kerlyn chochote anachoomba, mashine, cheo, maembe, na umwulize kama anaweza kuongeza kasi kidogo, kwa sababu bado tunatoka saa nne asubuhi na viti vya veranda yangu vinapata jua zuri saa tatu. Ma Zélie atakaanga maandazi ya harusi yetu; nimeshamwambia saa ya kuanza. Cuthbert amealikwa, ila atakaa mbali na meza.

Barua sikuiandika upya, maana ni ndefu na nina mahali pa kwenda. Seva ya Panama ingepokea nyongeza hii tu ikaridhika. Wewe najua umeisoma yote, kwa sababu ndivyo nilivyokulea.

E. L.